Jina Kwanza, Ufunguo Baadaye: Mazungumzo Kuhusu Kununua, Kutengeneza na Kuegesha Gari Lililotumika

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vikao vya wakazi wa Kaunti ya Mombasa. Yamechapishwa hapa kwa ukamilifu ili mkazi aliyekosa kikao naye ayapate.



Mombasa ndiyo mlango wa magari ya Kenya. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa nchini kutoka Japani hushushwa katika bandari yetu kabla ya kusambazwa bara. Mkazi wa hapa huyaona yakipita kila siku, na ni rahisi kudhani kwamba kwa sababu ya kuyaona tunayajua. Leo tuzungumze juu ya mambo matatu ambayo wakazi huuliza mara kwa mara: kulinunua gari lililotumika, kulitengeneza na kuliegesha.

Tuanze na mfano. Mwalimu wa shule ya msingi anaishi Kisauni. Amechukua mkopo wa Sacco na kununua Toyota Probox kwa Sh480,000. Aliyemuuzia ni kijana mpole, na gari lenyewe ni zima. Mwalimu amepewa ufunguo, karatasi iliyotiwa sahihi na logibuku halisi. Jina lililo kwenye logibuku si la yule kijana, ni la mzee mmoja wa Changamwe. Mwalimu akiuliza, anajibiwa: "Usijali, mwalimu. Yule mzee ni kama baba yangu. Siku yoyote tutamwendea akubadilishie."

Miezi minane inapita. Mwanawe anaitwa chuo kikuu, na mwalimu anaamua kuliuza gari ili alipe karo. Anapata mteja. Mteja anaomba gari libadilishwe jina. Mwalimu anakwenda Changamwe na kuambiwa kwamba mzee alifariki miezi mitatu iliyopita, na watoto wa nyumba zake mbili hawajaelewana juu ya mirathi. Simu ya yule kijana haipatikani tena. Mteja anaondoka. Sacco inaendelea kukata mshahara kila mwisho wa mwezi. Gari liko mlangoni, mwalimu analiosha kila Jumamosi, lakini kwenye rekodi ya serikali si lake.

Gari hilo halina ubovu wowote. Tatizo ni jina.

KABLA YA KUTOA PESA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inasema kwamba mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba gari likishabadilisha mwenyewe lisitumike barabarani kwa zaidi ya siku 14 bila mmiliki mpya kusajiliwa. Kwa hiyo neno "tutabadilisha baadaye" lina mwisho, na mwisho wenyewe ni wiki mbili.

Hatua ya kwanza ni kutafuta rekodi ya gari. Huduma hiyo inatolewa na NTSA kupitia eCitizen, na asiyejua kutumia mtandao anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre. Ukiweka nambari ya usajili na kulipa ada, unapata jina la mwenye gari, nambari ya chasisi na nambari ya injini. Beba nakala hiyo uende nayo mpaka kwenye gari. Fungua boneti, tafuta nambari zilizopigwa kwenye chuma, uzilinganishe moja moja. Tarakimu moja ikitofautiana, au ukiona mahali paligongwagongwa au kuchomelewa, rudi nyumbani na pesa zako.

Hatua ya pili ni kuonana na mwenye jina ana kwa ana, akiwa na kitambulisho. Dalali ana kazi yake na anastahili ujira wake, lakini dalali hawezi kukuhamishia gari lisilo lake. Mwenye jina ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, kisha mnunuzi anaingia kwenye akaunti yake na kuukubali. Kama mwenye jina hayupo, muamala haujafika mahali pa kutoa pesa.

Hatua ya tatu ni kuuliza kama gari lina deni. Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo pamoja na jina la mtu, jua gari hilo ni dhamana, na mkopeshaji lazima aliachilie kwanza. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana kwa Mali Inayohamishika ya 2017, kuna pia sajili ya dhamana ambako wakopeshaji huandikisha mali waliyokopeshea. Nayo huangaliwa kwa mtandao. Tafuta humo kabla hujalipa, kwa sababu dalali wa mnada hatakuuliza ulilipa lini.

Hatua ya nne ni mkataba. Andikeni majina kamili, nambari za vitambulisho, nambari za PIN za KRA, nambari ya usajili, ya chasisi na ya injini, bei, tarehe na saa ya makabidhiano. Pesa zipitie benki au simu, ziende kwa mwenye jina, si kwa "rafiki yake".

Saa ya makabidhiano ina maana kubwa, hasa kwa muuzaji. Wengi hufikiri jina likichelewa kubadilishwa ni hasara ya mnunuzi peke yake. Sivyo. Ukiuza gari leo asubuhi na jioni ligonge mtu, wa kwanza kutafutwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye rekodi. Muuzaji asiyebadilisha jina ameuza gari na kubaki na kesi.

KULITAZAMA GARI LENYEWE

Karatasi zikiwa sawa, sasa lete fundi. Awe fundi wako, si wa muuzaji. Omba gari liwashwe likiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mengi. Moshi wa bluu unaonyesha oili inaungua. Moshi mzito mweupe usiokwisha unaonyesha maji yanaingia kwenye injini. Moshi mweusi ni mafuta yanayoungua vibaya. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando wa rangi ya maziwa ya chai, huenda oili na maji vimechanganyika.

Usiziamini kilomita za dashibodi peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Gari linalodai kilomita 60,000 huku pedali imelika hadi chuma linajisema lenyewe. Tazama pia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama meno yake bado yanang'aa.

Hapa pwani kuna jambo la ziada, nalo ni chumvi. Upepo wa bahari hula chuma kutoka chini, mahali ambapo macho hayafiki. Gari lililokaa miaka mingi karibu na ufuo linaweza kuwa na rangi safi juu na kutu chini ya milango, kwenye bomba la moshi na kwenye mabomba ya breki. Liinuliwe, mtu aingie chini na tochi. Inua na mazulia ndani: harufu ya uvundo, matope kwenye pembe au kutu kwenye skrubu za viti ni dalili kwamba gari liliwahi kuingia maji.

Kwa anayenunua gari jipya kutoka yadi, kumbuka kanuni ya miaka minane. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Omba kuona karatasi za lilikotoka na za forodha kabla ya kusifu rangi.

KWA FUNDI

Wakazi wengi huuliza: kwa nini fundi alitengeneza, na gari limeharibika tena? Mara nyingine kosa ni la fundi. Mara nyingi hakuna aliyeandika chochote, na hapo hata kosa haliwezi kujulikana.

Kabla ya kazi kuanza, omba orodha ya kinachobadilishwa na bei ya kila kitu, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu. Uliza spea ni mpya, ni ya kutoka Japani iliyotumika, au ni ya kuiga. Zote zinauzwa, na kila moja ina bei yake. Usilipe bei ya mpya ukapewa nyingine. Kazi ikiisha, omba urudishiwe kifaa cha zamani. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Mambo mawili yameua magari mengi. La kwanza ni oili ya giaboksi. Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni yana giaboksi za aina ya CVT, na hizo zina oili yake maalumu. Ukitia oili ya giaboksi ya kawaida kwa sababu ni nafuu, umejinunulia giaboksi nyingine. Aina ya oili imeandikwa kwenye kitabu cha gari, usibahatishe.

La pili ni maji ya rejeta. Visima vingi vya hapa kwetu vina maji ya chumvi. Maji hayo hufua nguo kwa shida, sembuse kupoza injini. Huacha magamba ndani ya rejeta na kula vyuma, na siku moja katika msongamano wa Makupa injini inachemka. Tia dawa ya rejeta inayofaa, na usifungue kifuniko injini ikiwa moto.

Kuwa na daftari dogo ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa na aliyekifanya. Siku ya kuuza, daftari hilo litakuongezea bei kuliko kupiga rangi upya.

MAEGESHO

Hapa ndipo kaunti inapoingia moja kwa moja. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kaunti jukumu la trafiki na maegesho. Ada huwekwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha ya kaunti, na kabla ya kupitishwa wananchi huitwa kutoa maoni. Anayelalamika juu ya ada barabarani tu amechelewa. Mahali pa kusema ni kwenye kikao hicho.

Ada hulipiwa nambari ya usajili. Ukikosea herufi moja unapolipa, umemlipia mtu mwingine, na gari lako linahesabika halijalipiwa. Soma ujumbe wa uthibitisho kabla ya kuondoka, na uuhifadhi. Usimpe mtu pesa mkononi bila risiti, hata akiwa amevaa sare. Gari likifungwa klampu au kuvutwa, uliza kosa ni lipi, lipa kwa njia rasmi, na upewe risiti yenye nambari ya gari lako.

Tena kuna maegesho ambayo hayalipiwi kwa pesa, yanalipwa na jirani. Gari lililopandishwa kwenye njia ya miguu humsukuma mama mwenye mtoto mgongoni barabarani, pamoja na mzee mwenye mkongojo na mwenye kiti cha magurudumu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, gari moja lililoegeshwa vibaya linatosha kuzuia gari la zimamoto. Dakika tano za dereva ni nyingi kwa nyumba inayoungua.

Na maegesho yanaturudisha kwenye jina. Madeni na makosa hufuata nambari ya gari, na nambari humfuata aliyesajiliwa. Gari lisilobadilishwa jina humletea mtu lawama za mwingine, huku aliyekosa akiendelea kuendesha.

MWALIMU AFANYE NINI?

Mali ya marehemu haiguswi mpaka mahakama itoe barua za usimamizi. Familia huanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwatambua warithi. Mwalimu aende kwa familia na mkataba wake na ushahidi wa malipo, aombe gari litajwe katika mirathi kwamba liliuzwa. Familia ikikataa kuanza, mtu anayedai haki katika mali ya marehemu anaweza kuiomba mahakama iwaite wahusika. Ni vyema awe na wakili. Na kwa kuwa pesa zake hazikupita kwa mwenye jina, itambidi aeleze pia yule kijana alilipataje gari. Njia ipo, lakini ni ndefu na ina gharama, na karo haisubiri.

Yote hayo yangezuilika mchana mmoja, watu watatu wakiwa wamekaa meza moja na simu zao: mzee akianzisha uhamisho, mwalimu akiukubali, kijana akipokea ujira wake. Kwa hiyo anayekwenda kununua gari wiki hii, aombe kwanza kumwona mwenye jina. Akiambiwa yuko safarini, naye amngoje arudi.

Maswali ya maegesho yaletwe katika idara ya uchukuzi ya kaunti. Ya usajili na uhamisho ni ya NTSA, kupitia eCitizen au Huduma Centre.