Mwajiriwa Mwenye Duka: Saa ni za Nani?



 Ndugu msomaji, mada hii niliizungumza mbele ya vijana wenzangu wa mtaa baada ya swala ya Alasiri, kisha nikaombwa niiandike. Nimeiacha karibu vile ilivyotoka mdomoni.

Hapa Eastlands hakuna haja ya kuelezana. Kuanzia Umoja hadi Kayole, kuanzia Buruburu hadi Majengo, mshahara mmoja hautoshi. Kuna kodi ya nyumba, kuna karo, kuna nauli ya asubuhi na jioni, na kuna wazee wanaongoja kutumiwa kitu. Basi mwalimu ana kibanda cha viatu, karani ana boda boda aliyompa mtu aiendeshe, muuguzi anauza mabuibui kwa simu. Sioni aibu yoyote hapo. Maswahaba walikuwa watu wa soko. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina, ndugu yake wa Kiansari alimtaka wagawane mali nusu kwa nusu. Yeye akamwombea dua, akauliza tu soko liko wapi, na akaanza na samli na maziwa makavu.

Ila kuna maneno yamezoeleka sana kwenye vikao vyetu vya vijana, ati acha kazi, ajira ni utumwa, ingia biashara. Na wasemaji huyatia nguvu kwa ile kauli ya kuwa sehemu tisa katika kumi za riziki zimo ndani ya biashara. Ndugu zangu, wanavyuoni wa hadithi wameihesabu kauli hiyo kuwa dhaifu. Tusimwandikie mtu barua ya kuacha kazi kwa ushahidi dhaifu, hasa mtu mwenye watoto.

Kwa hivyo tuseme umebaki na vyote viwili. Swali langu si kama utaweza kuamka mapema. Vijana wa Gikomba wanaamka gizani kuwahi kufunguliwa kwa marobota ya mitumba, na wengine wakitoka hapo wanapanda matatu kwenda ofisini wakiwa wameshachagua bidhaa zao. Nguvu tunazo. Swali ni hili: zile saa unazozitumia ni za nani?

Chukua biashara ya futari, maana tuko katika mwezi wenyewe. Nairobi jua linazama karibu na saa kumi na mbili unusu, mwaka mzima. Wanunuzi wa sambusa, kaimati na viazi karai wanaanza kumiminika saa kumi, na adhana ikilia soko limekufa. Ofisi inafungwa saa kumi na moja, na kutoka mjini hadi Donholm kwa Jogoo Road jioni wewe mwenyewe unajua. Yaani saa ya soko iko ndani ya saa ya mdosi. Ndipo unasikia mtu amefunga, ana kiu, ana njaa, halafu saa tisa anamwambia msimamizi kwamba anaumwa na tumbo. Au amekaa kwenye dawati la watu, na tangu Adhuhuri anajibu oda za mabuibui. Mshahara wa saa hizo ataupokea mwisho wa mwezi bila kupunguzwa. Tunajiambia kwamba mdosi mwenyewe ni dhalimu, analipa kidogo. Huenda ni kweli. Lakini mkataba ni amana, na Qur'ani imetuamrisha kutimiza ahadi bila kuweka sharti kwamba yule wa pili awe mkarimu.

Kuna mtego wa pili, mkubwa kuliko wa saa, nao ni cheo. Katika Sahih Bukhari na Muslim kuna kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka. Aliporudi akagawa vitu mafungu mawili: hiki chenu, hiki nimepewa zawadi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa babake na mamake, aone kama zawadi hizo zingemfuata. Hebu jipime kwa swali hilo. Wewe ni afisa wa manunuzi, na kampuni ya shemeji yako ndiyo inayoleta karatasi za ofisi. Ungekuwa huna hilo dawati, biashara hiyo ingekujia?

Nchi yetu imelipitia jambo hili. Mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilikubali watumishi wa serikali wawe na biashara zao, kwa masharti ya kuzuia zisigongane na kazi ya umma. Watu waliikumbuka ruhusa wakayasahau masharti. Ilibidi mwaka 2003 ije Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma, Katiba ya 2010 iingize jambo hilo katika sura ya sita, na mwaka 2025 itungwe sheria nyingine nzima ya mgongano wa maslahi.

Na hata asiye na hila, kazi nyingine haziachi nafasi. Abubakar (R.A.) aliposhika ukhalifa mwaka wa 11 Hijria (632) alionekana anaelekea sokoni na nguo za kuuza, kama kawaida yake. Umar na Abu Ubaida (R.A.) wakamzuia, akawekewa posho kutoka Baitul Mali ili awashughulikie Waislamu. Daktari wa zamu na dereva wa usiku waipige hesabu yao hapo.

Sasa tufanyeje? Maoni yangu ni kwamba tumekosea tangu mwanzo kwa kutaka mtu mmoja afanye kazi mbili. Mtaani mwetu kuna mwenye mshahara asiye na saa, na jirani yake kuna aliyemaliza chuo, amezunguka na bahasha hadi viatu vimeisha, ana saa kumi na mbili za bure kila siku. Fiqhi tuliyosoma madrasa ina mlango wake: mudharaba. Mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi, faida wanagawana kwa fungu waliloafikiana, nusu au theluthi. Bibi Khadija (R.A.) alifanya biashara namna hii, na Mtume (S.A.W.) kabla ya utume alikwenda Sham na mali yake.

Lakini masharti yake yanauma. Huwezi kumwambia mwenzako, "Mimi nataka elfu tano kila mwezi, upate usipate." Hiyo si mudharaba. Na biashara ikianguka bila uzembe wake, mtaji umepotea kwako wewe, yeye amepoteza jasho lake, humdai. (Ya boda boda ni nyingine. Ukimkodisha chombo kwa kiwango cha siku, hiyo ni ijara, na chombo kikiharibika chenyewe ni juu yako.) Wengi wetu tunataka faida ya mshirika na usalama wa mkopeshaji, ndiyo maana vijana wanakimbia duka na funguo.

Andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika madeni, sisi bado tunasema "tunaaminiana". Duka liwe na nambari yake ya Lipa na M-Pesa, isiwe ile ile ya mshahara, kwa sababu pesa zikishachanganyika hata wewe hujui kama duka linakulisha au unalilisha.

Na kwa kuwa wengi tunatoa zaka mwezi huu: mwaka wa Kiislamu ukitimia, hesabu bidhaa kwa bei ya soko ya siku hiyo, ongeza pesa taslimu na akiba ya mshahara iliyotimiza mwaka. Friji, rafu na cherehani havihesabiwi. Ikifika thamani ya gramu 85 za dhahabu, toa asilimia 2.5. Mwenye mtaji ahesabu mtaji na fungu lake la faida, na mwenzake aangalie lake akishalipata. Mwenye suala gumu zaidi amwone imamu wa msikiti wake kabla ya kumi la mwisho, kwani baada ya hapo nusu yetu tutakuwa Eastleigh tunauza kanzu.

Wabillahi tawfiq.