Bega Lililoshonwa Lisiharakishwe



Sisi tufanyao kazi ya njia ya reli, kutoka Kahawa hadi Ruiru na Thika, twaijua kazi ya mtaimbo na mataruma. Bega la mwenzetu hutoka mahali pake, likarudishwa, likatoka tena, hata kuvaa shati huwa hofu. Kichwa cha mfupa wa mkono hukaa juu ya kisahani kidogo, na kano zikishikazo zimelegea. Ndipo daktari hupasua akazikaza.

Yafaa tujue ya kuwa maumivu hupungua kabla kano hazijashika. Mkono hutundikwa shingoni yapata majuma 4 hadi 6, huku vidole vikichezeshwa kila siku. Mazoezi ya nguvu huanza kama mwezi wa 3. Mizigo mizito hungoja miezi 4 hadi 6, pengine zaidi, kwa ruhusa ya daktari.

Basi tusimwite mwenzetu mvivu kwa kuwa twamwona anatembea na kucheka. Akirudi mapema mtaimboni, bega laweza kutoka tena.

Kama aliumia kazini, sheria ya mwaka 2007 ya mafao ya majeraha kazini yamlinda. Mwajiri aarifiwe upesi, na madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita. Asipoweza kazi kwa muda, malipo yaweza kuendelea hadi miezi 12. Barua za daktari zitunzwe, na katibu wa tawi apewe nakala.

Nasi tushike upande wake wa taruma mpaka apone.

Umoja ni nguvu.