Ugonjwa niliouficha: maneno ya dada yetu mbele ya mkutano mkuu

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano mkuu wa chama chetu, hapa Kisangani, siku ya posho, mwezi wa tatu. Tumeyaandika namna alivyoyasema. Mwenyewe ametuomba tusiweke jina lake.)



Komite imenipa dakika kumi. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, munanijua: niko yule anayeandika majina ya kotizasio ndani ya daftari. Leo sikuja kusoma majina. Nimekuja kusema juu ya tumbo langu, na juu ya sheria moja ya mutualite yetu ambayo naomba tuibadilishe. Bamama wengine watasema mambo haya hayasemwi mbele ya wazee. Wazee, munisamehe. Nimeyaficha tangu 2001, na kuyaficha hakukunisaidia kitu.

Historia yetu wengi ni moja. Mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya muji wetu, mabomu yakipita juu ya nyumba za watu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, tulikaa Mangobo. Mama alitutoa, tukafuata barabara ya Bafwasende na Nia-Nia, mara kwa miguu, mara kwa kinga, mpaka tukatokea Uganda. Vita iko vile: tulikimbilia kwa wale wale waliotupiga, na wanakijiji wao wakatupa chakula. Tukaishi Nakivale, baadaye Kampala.

Damu ya mwezi ilinianza Nakivale, niko na miaka kumi na mitatu. Tangu mwezi wa kwanza iliniangusha chini. Nilitapika, miguu ilikufa ganzi, siku mbili tatu sikwenda masomo. Mama aliniambia: "Mutoto, vumilia, ni ya wanawake. Ukizaa itaisha." Mama hakuwa mbaya. Alinipa kile alichopewa na mama yake.

Nilipofika miaka kumi na tisa, daktari mmoja alinipasua, akisema ni apandisi. Akaitoa. Mwezi uliofuata maumivu yakarudi kama kawaida. Tulirudi hapa 2012, nikaolewa mwaka uliofuata. Mutoto hakuja. Kisha maumivu yakahamia nyuma. Kila mwezi, siku za damu, kwenda choo kubwa kulikuwa kama kupitisha kisu. Kukaa juu ya toleka kutoka Mangobo mpaka Makiso kulinishinda, nilitembea kwa miguu. Nikaanza kuona damu ndani ya choo.

Hapo munajua tunavyofanya. Mtu akisema tumbo, tunamwambia: "Uko na amibe." Nilitibiwa amibe labda mara kumi na tano. Nilitibiwa tifoide. Shangazi wa mume wangu alinitilia dawa ya majani na pilipili kwa njia ya nyuma, nikazimia. Kwenye maombi waliniuliza ni nani katika familia aliyefunga tumbo langu, na kwa ajili ya neno lile nilikaa miaka miwili bila kuongea na dada ya mama yangu, mzee wa watu asiye na kosa. Mbele ya ninyi wote naomba nimuombe msamaha. Yuko ameketi pale nyuma.

Mwaka 2023 nilikutana na daktari mmoja wa wanawake hapa mujini. Aliniuliza swali moja ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Ile damu ya choo inakuja siku gani za mwezi?" Nikafikiri. Ilikuja siku zile zile za damu yangu, haikukosea. Akanipima kwa kidole, akagusa kitu kigumu kati ya njia ya uzazi na utumbo wa mwisho, nikalia. Akasema: "Mama, haiko amibe. Haiko uchawi. Hii iko na jina."

Jina lake ni endometriozi. Nitaeleza namna nilivyoelezwa.

Ndani ya tumbo la uzazi kuna ngozi laini inayojijenga kila mwezi. Mimba isipoingia, inavunjika na kutoka kama damu. Mwanamke mwenye ugonjwa huu ana nyama inayofanana na ngozi ile, lakini imeota mahali isipotakiwa: kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya tumbo la uzazi, juu ya kibofu, juu ya matumbo. Nayo inafuata mwezi wa mwanamke. Inavimba, inatoa damu, na damu ile haina mlango wa kutokea. Mahali pale panawaka, panafanya kovu, viungo vinashikana kama vimepakwa gundi. Kwangu imeingia ndani ya ukuta wa utumbo wa mwisho, na kovu lile linabana njia.

Si kansa. Hauambukizi. Hautokani na tabia ya mwanamke wala na mtu kukutupia neno. OMS, Shirika la Afya Duniani, linasema unashika karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio na umri wa kuzaa, yaani karibu milioni 190 duniani. Linasema pia kwamba mara nyingi inapita miaka 4 mpaka 12 kabla mgonjwa hajajua jina la ugonjwa wake. Mimi ilinichukua miaka 22. Hesabuni bamama walio humu ndani. Siko peke yangu.

Ugonjwa huu unaweza hata kupanda juu zaidi. Wale mulioishi Kenya munamkumbuka Njambi Koikai, yule wa redio aliyeitwa Jahmby. Kwake ulifika kifuani, mapafu yakawa yanaanguka. Alipasuliwa mara nyingi, akapelekwa mpaka Atlanta, Marekani, kwa michango ya watu. Alifariki tarehe 3 mwezi wa sita 2024. Lakini aliusema hadharani, kwenye televisheni na kila mahali, na wasichana wengi walijifunza jina la ugonjwa kutoka kwake. Nami ndiyo maana nimethubutu kusimama.

Sasa, niko wapi leo?

Nilipewa vidonge vya kusimamisha damu ya mwezi. Vilipunguza maumivu, namshukuru Mungu, lakini havikufungua utumbo. Mwaka jana nililazwa mara mbili, tumbo limevimba kama ngoma, choo haipiti, hata hewa haipiti. Mara zote mbili ilifunguka yenyewe. Daktari aliniambia wazi: siku isipofunguka, utapasuliwa usiku, haraka, na yeyote atakayekuwepo. Afadhali tuchague siku wenyewe, na mikono tunayoijua.

Nilikwenda Kampala kupigwa picha kubwa ya mashine ya sumaku. Ile nyama ina santimita nne. Wamepanga kunipasua mwezi wa tano, madaktari wawili pamoja: wa wanawake na wa matumbo. Watakata kipande cha utumbo chenye ugonjwa, kisha wataunganisha ncha mbili. Tumbo la uzazi litabaki. Kama nitazaa, hawakuniahidi. Kama ugonjwa hautarudi, hilo pia hawakuniahidi, kwa sababu hakuna dawa inayoumaliza kabisa.

Waliniambia hatari bila kunificha. Mshono wa utumbo unaweza kuvuja. Inaweza kutoboka njia kati ya utumbo na njia ya uzazi, na bamama wa hapa munajua fistula ni kitu gani. Mkojo unaweza kusumbua. Na ili mshono upone vizuri, inawezekana watatoa mdomo wa utumbo hapa juu ya tumbo, choo ipitie kwenye mfuko, miezi mitatu hivi, kisha waurudishe ndani.

Nasema ukweli: kifo sikukiogopa kama mfuko ule. Nilifikiri, nitapanda gari na watu namna gani? Nitalala na mume wangu namna gani? Soko la Makiso nitakwenda namna gani, jua lile? Nilirudi Kisangani nikaamua nisipasuliwe. Nilikaa na uamuzi ule miezi minne.

Kisha kuna mzee mmoja wa chama chetu. Amenipa ruhusa nimtaje bila jina. Baada ya mkutano mmoja alinivuta pembeni, akapandisha shati, akanionyesha kovu. Kipande cha bomu kilimpiga mwaka 2000. Aliishi na choo cha tumboni mwaka mzima na zaidi, wakati ule bila mifuko ya kweli, na vitambaa na plastiki. Akaniambia: "Mwana yangu, wiki ya kwanza utachukia. Wiki ya tatu utazoea. Mwezi wa pili utasahau na utakula pondu kama wengine. Mimi hapa, bibi yangu hakunikimbia, na tulizaa wawili baadaye." Siku ile nilienda nyumbani, nikamwambia mume wangu yote. Akanijibu: "Nilioa weye, sikuoa utumbo." Tulicheka, kisha tulilia.

Lakini maneno ya mzee yule yaliniacha na swali, na ndilo nimewaletea. Yeye alipopigwa, kila mtu alijua. Watu walichanga, walikwenda kumuona na chakula, mpaka leo tunamheshimu kwa kovu lile. Na ilikuwa haki. Mimi kovu langu liko ndani, linatoka damu kila mwezi tangu Nakivale, na nilijifunza kusema "niko na malaria" kila nilipokosa mkutano. Kwa nini kidonda cha vita ni heshima na kidonda cha mwanamke ni haya?

Sasa sheria yetu. Daftari liko mikononi mwangu, ninaijua. Kila mwanachama anatoa 5 000 franka kwa mwezi. Mutualite inasaidia matanga, inasaidia mama aliyezaa, inasaidia ajali. Imeandikwa pia kwamba ugonjwa wa muda mrefu hauingii. Sikatai, tuliandika vile kwa sababu sanduku lilikuwa dogo. Lakini tazameni inavyotoka. Utumbo wangu ukifunga usiku nikafa, mutanunua jeneza, mutakodi viti, mutalisha watu siku tatu. Ni pesa nyingi, na mutazitoa bila kuulizana. Nikiomba sehemu ya pesa ile niko hai, sheria inasema hapana.

Operasio, safari ya kupitia Bunia na Mahagi, na kukaa Kampala, jumla ni dola 3 200. Mimi na mume wangu tumeweka 1 450. Likelemba ya bamama wa soko imenipa zamu yangu mbele ya wakati, 400. Familia imeahidi 500. Inabaki 850.

Siombi zawadi. Naomba vitu vitatu.

Cha kwanza: tuandike upya kifungu kile, ili mwanachama aliyelipa kotizasio miaka mitatu, na ana barua ya daktari kwamba anahitaji kupasuliwa, apewe mkopo kutoka sanduku, alipe polepole. Si kwa ajili yangu tu. Kuna mtu wa hernia humu ndani. Kuna mama wa uvimbe. Mimi ninayeandika majina ninajua nani anakosa mikutano.

Cha pili ni kwa wafadhili wetu. Mulitutumia vitanda na madaftari, tunawashukuru. Mukitaka kutuma tena, ulizeni mahospitali yenu juu ya mifuko ya choo, ile ya kubandika tumboni. Kwenu inapatikana kwa urahisi. Hapa mgonjwa anaikata mara mbili, anaifua, anaianika ndani ya nyumba ili majirani wasione.

Cha tatu ni kwa bamama, na hiki hakina bei. Mutoto wenu wa kike akianguka chini kila mwezi, akikosa masomo, akitapika, musimwambie avumilie. Maumivu ya kawaida yanasikia ibuprofeni na maji ya moto, na yanamuacha mtu afanye kazi. Yasiyosikia, mumpeleke. Mununue kalenda ya ukuta. Aandike siku ya damu, siku ya maumivu, na damu ya choo au ya mkojo kama iko. Mwambieni daktari siku zile. Kama mtu angeuliza lile swali moja mwaka 2001, labda leo nisingekuwa na kitu cha kukatwa.

Na wanaume, swali lile na ninyi munaweza kuliuliza. Mume wangu sasa ndiye anaandika kalenda.

Nitaondoka mwisho wa mwezi wa nne. Daftari la kotizasio nimemuachia binti wa katibu, anaandika vizuri kunipita. Nikirudi na mfuko, musiniangalie tumbo, muniangalie macho. Nikirudi bila mfuko, nitawadai pondu.  

(Baada ya mazungumzo ya saa moja na nusu, mkutano ulipiga kura kubadilisha kifungu cha ugonjwa, komite itaandika maneno mapya na kuyaleta kwenye mkutano ujao. Mkopo wa dada yetu umekubaliwa tangu siku ile ile. Bamama wawili na msichana mmoja waliomba namba ya yule daktari kabla ya kutoka mlangoni.)