Robert Smalls na Masanduku Manane

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Tumetakiwa tuzungumze juu ya mmoja katika watu wa siasa wa Marekani wa karne ya 19. Tumemchagua Robert Smalls, kwa kuwa alikuwa mtu wa kisiwani na mtu wa bahari, na habari zake hazihitaji mkalimani mbele ya watu kama sisi.

Smalls alizaliwa mwaka 1839 katika mji wa Beaufort, ulioko katika kimojawapo cha visiwa vya pwani ya South Carolina. Mama yake alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya huko mtoto alifuata hali ya mama. Alipotimia miaka 12 bwana wake alimpeleka bandari ya Charleston kufanya kazi za kukodishwa. Ujira ukienda kwa bwana, naye akiachiwa dola moja kwa juma. Huko alijifunza kazi ya matanga, kisha sukani, hata akalijua kila fungu na kila mkondo. Kazi yake ilikuwa ya urubani, lakini jina la rubani hakupewa mtu mweusi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, alitiwa katika meli ya Planter, iliyochukua mizigo ya majeshi ya upande uliotetea utumwa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei, 1862, maofisa wazungu wa meli ile walishuka kulala mjini. Smalls na wenziwe wakawasha moto wa mitambo, wakawapitia wake na watoto wao, naye akavaa kofia ya nahodha, akapiga honi kama ilivyoagizwa mbele ya ngome, hata Fort Sumter ikawapisha. Kulipopambazuka walipandisha shuka nyeupe, wakaikabidhi meli pamoja na mizinga yake kwa manowari za Serikali ya Lincoln.

Kisa hicho ndicho kisimuliwacho sana. Lakini usiku ule ulikuwa wa saa chache tu. Kazi iliyofuata ilimchukua zaidi ya miaka 30, nayo ndiyo tunayotaka tuitilie maanani.

Sheria ya South Carolina ya mwaka 1834 ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika, na Smalls alikuwa mtu mzima alipojifunza kusoma. Kwa hiyo, alipoingia katika mkutano wa kutunga katiba ya jimbo mwaka 1868, alishikilia ziwepo skuli za serikali, bila ya malipo, kwa watoto wote. Baadaye aliketi katika mabaraza ya jimbo, na tangu mwaka 1875 akaingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, akaketi humo kwa vipindi mbali mbali hata mwaka 1887.

Watu weusi walikuwa wengi kuliko wazungu katika jimbo lile. Basi mtu atauliza: wengi hushindwaje kwa kura? Kwanza, kwa bunduki. Katika uchaguzi wa 1876 na wa 1878, vikundi vya wapanda farasi wenye mashati mekundu vilivamia mikutano ya chama chake. Pili, kwa mahakama. Mwaka 1877 Smalls alishitakiwa rushwa, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mwaka 1879 Gavana wa upande wa wapinzani wake akamsamehe, katika mapatano ambayo kwayo watu wa upande ule nao waliondolewa mashitaka ya kuvunja sheria za uchaguzi. Tatu, kwa karatasi. Mwaka 1882 ilitungwa sheria iliyojulikana kwa jina la masanduku manane. Kila cheo kilikuwa na sanduku lake, na kura iliyotumbukizwa katika sanduku lisilo lake ilikuwa batili. Asiyejua kusoma maandishi yaliyobandikwa angeongozwa na nini, hali masanduku yenyewe yaliweza kubadilishwa mahali?

Sisi wenye maduka twajua kwamba mzani wa hila hauibi ratili nzima. Huiba wakia, na mnunuzi hurudi kwake akidhani amepata haki yake.

Mwaka 1895 uliitishwa mkutano wa katiba mpya. Katika wajumbe 160, weusi walikuwa 6, na Smalls ni mmoja wao. Katiba ile ilimtaka mpiga kura asome na kuandika fungu la katiba, ama awe na mali ya dola 300, na juu yake alipe kodi ya kichwa. Rangi ya mtu haikutajwa. Smalls alisimama akasema kuwa watu wake hawaombi upendeleo, bali nafasi iliyo sawa. Akakataa kutia sahihi. Na ilipopendekezwa kuwa asiyetia sahihi anyimwe posho na nauli, alijibu kuwa ni heri arudi kwao kwa miguu.

Alifariki mwaka 1915, katika nyumba ile ile ya bwana wake wa zamani, aliyoinunua baada ya kuuzwa kwa deni la kodi. Sheria ya taifa ya kuilinda kura ya watu wake ilipatikana mwaka 1965, yaani miaka 70 baada ya katiba ile.

Basi tunawaomba, ndugu zetu: ajuaye kusoma na amfundishe jirani yake asiyejua, na kila tangazo la uchaguzi lisomwe kwa sauti barazani, mstari kwa mstari, kabla ya siku ya kura.