MITAMBO YA UPEPO NA HAKI YA MWENYE KILIMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na mwenyeji wa Murusagamba anayekaa nasi hapa kisiwani. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Mmenipa heshima kubwa kunitaka nisimame mbele yenu, nami si mzaliwa wa visiwa hivi. Nimezaliwa Murusagamba, wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, karibu na mpaka wa Burundi, mahali ambapo mtu akitaka kuiona bahari yampasa kuivuka nchi nzima. Wako kati yenu watakaouliza: Murusagamba na sisi, wapi na wapi? Nawaomba subira. Nitafika hapa kisiwani, lakini safari yataka ianzie kwetu.

Kwetu ni nchi ya vilima. Mabondeni pana migomba na maharage, na juu ya vilima ni malisho na majani ya kuezekea. Mgeni akipita huviona vilele vile akadhani ni ardhi isiyo na mwenyewe, kwa kuwa haoni nyumba wala shamba. Mwenyeji anajua kila kilele kinalishwa na ng'ombe wa nani, na nani mwenye haki ya kukata majani yake. Nasema haya kwa sababu mitambo ya upepo hupenda vilele. Pale panapoitwa patupu ndipo itakapotakiwa isimamishwe.

Nilipokuwa kijana walikuja watu watatu katika motokaa, wana vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Walivipigilia katika shamba la baba yangu mdogo, wakasema barabara itapita hapo, naye asipande tena mmea wa kudumu wala asitengeneze nyumba. Wakaondoka. Sitaitaja ofisi iliyowatuma. Barabara haikupita mpaka leo. Baba mdogo alikaa miaka akilitazama paa lake linavyovuja, naye ni mtu mtiifu, asithubutu kubadili hata bati moja. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemlipa. Alikuwa mwenye shamba asiyekuwa na shamba. Tangu siku hizo, nikisikia mtu anasema mradi fulani ni wa manufaa ya taifa, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kigingi kitapigiliwa wapi, na nani aliyeulizwa kabla ya nyundo.

Basi tuiangalie sheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo yampa Rais uwezo wa kuihamisha ardhi ya kijiji ikawa ardhi ya jumla kwa ajili ya manufaa ya umma, na uwekezaji wenye maslahi ya taifa umehesabiwa humo. Mgeni mwenye fedha hawezi kumilikishwa ardhi ya kijiji hivi hivi. Ni lazima kwanza iwe ardhi ya jumla. Na hapo ndipo ilipo tarakimu ninayowaomba muishike: hektari 250. Eneo linalotakiwa likiwa chini ya hektari 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji, ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, anayekubali au kukataa ni Waziri, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya wanakijiji. Kupendekeza na kuamua ni mambo mawili mbalimbali, kama kubisha hodi na kuwa na ufunguo.

Kwa shamba la miwa jambo hili ni wazi: shamba kubwa, ardhi kubwa. Kwa mitambo ya upepo hesabu yake ni ya ajabu. Mafundi huacha baina ya mtambo na mtambo nafasi iliyo mara kadhaa ya upana wa pangaboi lake, kwa kuwa mtambo wa mbele huuvuruga upepo wa yule wa nyuma. Tuchukue mtambo wenye pangaboi la upana wa mita 80, tuupe mita 400 ubavuni na mita 600 nyuma yake. Hizo ni hektari 24. Mitambo kumi ni hektari 240, na kijiji bado kina kauli. Ongeza mmoja tu, wa kumi na moja, hesabu inakuwa 264, na kauli imekwisha hama kijijini imekwenda mezani kwa Waziri. Lakini ukipima ardhi inayokaliwa kweli na misingi ya minara na njia za magari, hutapata ila sehemu ndogo sana ya eneo hilo. Chini ya mapangaboi ng'ombe watalisha na maharage yatapandwa kama jana.

Kwa hiyo, ndugu zangu, swali la nani ana haki ya kukataa latoka katika kalamu ya mpimaji. Akizungushia mstari mitambo yote pamoja na nafasi zilizo baina yake, wanakijiji ni washauri. Akipima misingi na njia peke yake, wanakijiji ni waamuzi. Kilima ni kile kile na upepo ni ule ule. Mimi naona sheria ingepaswa kusema waziwazi kipimo kipi kitumike, na isiachwe kuwa jambo la kupatana baina ya mwenye fedha na mwenye ramani.

Msidhani natisha watu kwa jambo la kubuni. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha yaona. Huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, ilisimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ni mizuri na umeme wake ni wa kweli. Lakini hati zilizotolewa zilikuwa za eka 150,000, yaani kiasi cha hektari 60,000, katika nchi ya wafugaji. Wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyokaa Meru ikaamua kwamba hati zile hazikupatikana kwa njia ya sheria, ikatoa mwaka mmoja mambo yatengenezwe. Uamuzi huo ulitoka baada ya mitambo kuzinduliwa rasmi mwaka 2019! Huko Kinangop, katika Nyandarua, mambo yalikwenda kinyume: ulikusudiwa mradi wa megawati 60, watu wakaandamana juu ya ardhi na fidia, na mwaka 2016 ukavunjika kabla ya kutoa hata taa moja. Mahali pamoja wenyeji walipata haki ya karatasi baada ya minara kusimama. Mahali pengine nchi ilikosa umeme. Nani aliyefaidika?

Na iko khabari njema pia, si haki kuificha. Kipeto, katika Kajiado, wenye ardhi waliikodisha, hati zikabaki mikononi mwao na mifugo ikaendelea kulisha. Mitambo ya megawati 100 ilianza kazi huko mwaka 2021. Jambo limewezekana kwa Wamasai wa Kajiado. Sioni kwa nini lisiwezekane kwa Washubi na Wahangaza wa Ngara.

Maana sisi hatuukatai umeme. Wilaya yetu ndiyo yenye maporomoko ya Rusumo, ambapo Tanzania, Rwanda na Burundi zimejenga kituo cha megawati 80 na kugawana. Tunajua nchi yahitaji nguvu. Huko Mufindi mitambo mitatu ya Mwenga, ya megawati 2.4 tu, ilianza mwaka 2020, na Singida na Makambako zimetajwa tangu zamani kwa upepo wake. Siku ya Murusagamba ikifika tutaipokea. Lakini tuipokee tukiwa wenyeji.

Kuna jambo moja zaidi linalonikera, nalo ni kwamba ardhi ikishahamishwa hairudi. Kisarawe, ilitwaliwa zaidi ya hektari 8,000 za vijiji 11 kwa kilimo cha mibono. Mwaka 2011 kampuni ikaanguka, na ardhi haikurudi yenyewe kwa wale walioitoa. Mtambo wa upepo una umri wa miaka ishirini na kitu. Ukichakaa, nani ataung'oa, na kilima kitarudi kwa nani? Liandikwe hilo kabla ya kigingi cha kwanza.

Wengine hutaka pia uandikwe umbali wa mtambo na nyumba. Nakubali, lakini kwa hadhari. Bavaria, huko Ujerumani, mwaka 2014 waliamuru umbali uwe mara kumi ya urefu wa mtambo, na ujenzi ukakaribia kusimama kabisa, hata ikabidi mwaka 2022 walegeze. Poland nao walifunga mlango kwa kanuni kama hiyo mwaka 2016, wakaufungua mwaka 2023 kwa kuweka mita 700. Tarakimu yaweza kumlinda mnyonge, na yaweza kutumiwa na asiyetaka jambo lifanyike.

Sasa nafika kisiwani kama nilivyoahidi. Hakuna haja ya kuwakumbusha giza la mwaka 2008, karibu mwezi mzima, wala lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika. Kila aliyebeba maji ndoo kwa ndoo siku zile anatamani visiwa hivi viwe na umeme wake wenyewe, na kusi na kaskazi zinavuma bure juu ya minazi yetu. Siku mitambo itakapoletwa pwani ya mashariki, ile sheria ya vijiji niliyoieleza haitawafaa kitu, kwa kuwa ni ya Bara. Hapa ardhi ni mali ya umma chini ya Rais wa Zanzibar, kwa sheria ya mwaka 1992. Huku hakuna hektari 250, wala Mkutano Mkuu wa Kijiji wenye uwezo wa kusema la. Baba yangu mdogo alikuwa na haki ndogo asiyoijua. Mkulima wa Makunduchi hata hiyo ndogo hanayo.

Naiomba halmashauri ya chama hiki ilidai Baraza la Wawakilishi lijadili jambo hili sasa, wakati hakuna mwenye fedha anayesubiri nje ya mlango, na kifungu cha 4 cha ile sheria ya Bara kinakiliwe na kugawiwa katika kila tawi, ili wanachama waone wenzao wamepata nini na wamenyimwa nini. Nakala ninayo mimi; atakayeitaka na aje baada ya mkutano.