Mgeni Katika Kundi



Juma hili, tarehe 11 Novemba, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Martino, Askofu wa Tours katika nchi ya Ufaransa. Wachoraji humwonyesha akiligawa joho lake kwa upanga ili amfunike maskini. Na pengine humchora akiwa na bata bukini miguuni pake. Masimulizi ya kale yasema kwamba watu walipomtaka awe askofu alijificha kati ya bata hao, nao kwa kelele zao wakamfichua. Hayo ni masimulizi tu. Hata hivyo, leo bata hao na watufundishe jambo.

Baadhi yenu mwawafuga uani, nanyi mwaijua taabu ya mtu anayenunua bata bukini mzima na kumtia kundini siku hiyo hiyo. Wenyeji humnyoshea shingo, hutoa sauti kama ya nyoka aliyekasirishwa, humdonoa na kumpiga kwa mabawa. Kifaranga ni jambo jingine. Mtaalamu Konrad Lorenz wa Austria, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alieleza jinsi kifaranga wa bata bukini, akiisha kuanguliwa, anavyomfuata yule wa kwanza anayetembea mbele yake, hata akiwa mwanadamu, na kumhesabu kuwa mzazi wake. Bata mzima hawezi hivyo. Amekwisha kuwa na wenzake, na amekwisha kujifunza kuogopa.

Mfugaji mwenye busara hufanyaje? Kwanza humtenga mgeni kwa majuma mawili hadi manne, maana aweza kuwa na ugonjwa usioonekana. Kisha humweka jirani na kundi, wavu ukiwa katikati, waonane na kusikiana pasipo kuumizana. Siku ya kuwachanganya, huchagua mahali penye nafasi ambapo wenyeji hawajapazoea kuwa pao. Huweka chakula na maji sehemu mbili au zaidi, ili mgeni asizuiliwe kula. Naye mwenyewe hubaki akiangalia. Hafanyi hivyo majira ya kutaga na kuatamia, kwa kuwa madume huwa wakali mno. Wakifukuzana kidogo huwaacha. Bali damu ikitoka, au mmoja akibanwa asiweze kukimbia, huwatenganisha na kuanza upya. Pengine humkutanisha mgeni na bata mmoja mpole, wakazoeana siku kadhaa, kisha wakaingia kundini wawili.

Naye bata aliyepotewa na mwenzi wake aweza kujitenga muda mrefu, akila kidogo, huyo halazimishwi. Siku utakapowaona wanakula majani bega kwa bega, na wakikutana wananyosha shingo na kulia kwa pamoja kana kwamba wanapongezana, ujue wamekuwa kundi moja.

Sasa, wapendwa, tujiulize: katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo, mtu mzima tunampokeaje? Yupo mama mjane aliyehamia kwa mwanawe. Yupo mfanyakazi aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine. Yupo katekumeni mwenye umri wa miaka hamsini. Anakuja mara ya kwanza, anakaa nyuma, wala hakuna anayemwuliza jina. Mara ya pili anadaiwa mchango. Mara ya tatu haonekani, nasi twasema: hana imani. Hatukutoa damu, lakini tumemdonoa.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Saulo alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa, tena walikuwa na sababu. Barnaba ndiye aliyemchukua, akampeleka kwa mitume na kuwaeleza yaliyompata njiani. Mtu mmoja alisimama kati ya mgeni na kundi. Kanisa nalo lalijua jambo hili: utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika Ukristo, uliotolewa mwaka 1972, huwapokea hatua kwa hatua, kila mmoja akiwa na msimamizi wake.

Martino mwenyewe alikuwa mgeni. Alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Hungaria, akabatizwa akiwa askari. Alipochaguliwa, maaskofu kadhaa walimkataa kwa sababu ya mavazi yake duni na nywele zisizotengenezwa. Waamini walishikilia, naye akawatumikia tangu mwaka 371 hadi alipofariki mwaka 397.

Mfano wa bata una mpaka wake: sisi hatumtengi mtu kwa kumshuku ugonjwa. Bali subira ya mfugaji twaweza kuiiga. Makatekista na viongozi, juma hili mchagueni Barnaba mmoja katika kila jumuiya. Amwendee mgeni nyumbani kabla ya siku ya sala, amwulize habari zake, aje naye, aketi karibu naye. Mwenye msiba msimharakishe kuimba. Wakianza kunong'ona juu ya mgeni, kiongozi asigeuze uso. Nanyi wenyeji, sogeeni kidogo kwenye benchi. Bwana aliyesema, katika Mathayo sura ya 25, kwamba yeye mwenyewe hupokelewa katika mgeni, huenda ndiye anayetafuta nafasi hapo.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.