Kupima Wepesi wa Kulewa Bahari kwa Mabaharia Wapya: Mada kwa Walimu na Vijana wa Ogwedhi



Kijana wa Ogwedhi anayekwenda Mombasa kusomea ubaharia huenda akakanyaga meli kabla hajapanda hata mtumbwi. Ziwa Viktoria limo katika kaunti yetu hii hii ya Migori, kule Muhuru na Karungu, lakini huku upande wa Transmara tunajua zaidi ng'ombe na matatu. Je, twaweza kujua mapema nani atatapika? Kukisia twaweza. Ila makisio hayo yamwandae kijana, yasimnyime nafasi.

Kwanza tuondoe aibu. Chanzo cha kigegezi cha baharini kimo katika sikio la ndani, penye viungo vya kutambua mwendo na mizani ya mwili. Habari zake zikigongana na zile za macho, tumbo huchafuka. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya safari yenye dhoruba katika Atlantiki ya Kaskazini: watu ambao viungo hivyo vilikuwa vimekufa masikio yote mawili hawakuugua, na wenzao wazima waliugua. Basi anayetapika si mwoga.

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la John Golding wa Uingereza, ambalo toleo lake fupi lilitoka mwaka 2006. Linauliza juu ya vyombo na michezo tisa: gari, basi, treni, ndege, mashua, meli, bembea, na mashine mbili za viwanja vya burudani. Kwa kila kimoja unajaza 0 kama hukuugua kamwe, hadi 3 kama uliugua mara kwa mara. Kwanza ulipokuwa chini ya miaka 12, kisha kwa miaka 10 iliyopita. Alama ya juu kabisa ni 54, na ya katikati aliyoipata Golding ni 11.3.

Hapo ndipo penye tatizo letu. Kijana wetu ataacha wazi nusu ya maswali, kwa kuwa vyombo hivyo hajawahi kuvipanda. Pengo hilo si sifuri! Kanuni ni kuzidisha jumla ya kila kipindi kwa 9, kisha kugawanya kwa idadi ya vyombo alivyovipanda. Aliyepata alama 2 kwa vyombo vitatu tu anaandikiwa 6. Aliyepata 2 kwa vyote tisa anabaki na 2. Kwa hiyo safari moja mbaya ya matatu ya Migori inaweza kumpandisha mtu kupita kiasi. Mimi ningeandika kando ya kila alama idadi ya vyombo vilivyoitoa, na alama ya vyombo vitatu nisingeiamini sana.

Vyuo vyenye vifaa huongeza kiti cha kuzunguka, mtu akiinamisha kichwa huku kikizunguka. Sisi tunalo ziwa, na linatutosha. Wapandisheni vijana mashua yenye majaketi ya kuokolea na nahodha mzoefu, na kila baada ya dakika 10 kila mmoja ajipe namba: 0 ni mzima, 6 ni kichefuchefu kimeanza, 10 ni kutapika. Andikeni pia hali ya mawimbi, alipoketi, alichokula, na kama amemeza dawa, kwa maana dawa huharibu kipimo.

Hata hivyo, aliyevuka ziwa kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno bila shida asijione amefuzu. Mwendo unaochafua tumbo kuliko wote ni wa kupanda na kushuka polepole, mara moja kila sekunde tano hivi. Mashua ndogo mara nyingi hutikisika haraka zaidi ya hapo, ilhali meli kubwa baharini huelea kwa mwendo mzito.

Tena wengi huzoea baada ya siku mbili tatu, jambo ambalo dodoso haliwezi kulipima. Na asiyezoea pia si lazima awe baharia mbovu: Amiri Nelson wa Uingereza, aliyeuawa vitani Trafalgar mwaka 1805, alisumbuliwa na bahari hadi miaka yake ya mwisho, na hakuna aliyemwita baharia duni.

Kijana akihofia kufukuzwa atajaza sifuri kila mahali, na kipimo kizima kitakuwa kazi bure. Kwa hiyo nawaomba walimu: fomu zibaki kwa mkufunzi na mhudumu wa afya peke yao, na safari ya ziwani ifanyike kabla kijana hajakata tikiti ya Mombasa.